Soya ya mbegu: kazi inayoamuliwa shambani, kabla ya bidoni

Soya iliyovunwa Januari, ikawekwa kwenye mfuko jikoni hadi Machi, mara nyingi huota nusu tu. Walungu na Kabare, huku Kivu Kusini, watu hulaumu ndege, panya au udongo uliochoka, kisha wanarudia kuziba mapengo wakati mvua imekwisha songa mbele. Panya na ndege wapo, lakini mara nyingi mbegu hiyo ilikuwa imekufa kabla ya kufika ardhini.

Soya si maharage. Punje yake ina mafuta karibu asilimia 20, ngozi yake ni nyembamba, na kiini kinachotoa mzizi kimelala pembeni, chini tu ya ngozi hiyo, bila kitu cha kukikinga. Mvua inayorudi juu ya maganda makavu, fimbo ya kupuria, jua kali juu ya shitingi (turubai la kuanikia), unyevu wa nyumba: kila kimoja kinakifikia upesi. Siku punje inapokomaa ndiyo siku ina nguvu zake zote. Baada ya hapo hakuna dawa wala mfuko wa kuiongezea nguvu. Unachoweza ni kuzuia isipoteze ilizo nazo. Ndiyo maana shamba la mbegu lipangwe peke yake, tofauti na soya ya kula.

Msimu kwanza

Kwa milima ya kuzunguka Bukavu, toa mbegu katika msimu B. Soya ya msimu A hupandwa Septemba na Oktoba, na inakomaa kuelekea Januari na Februari, mvua ikiwa bado inarudi. Ganda likilowa na kukauka mara kadhaa, punje ndani yake inavimba na kusinyaa, ngozi inapasuka au kukunjamana, na ukungu unaingia. Ya msimu B, ikipandwa kati ya mwisho wa Februari na katikati ya Machi, hukomaa mvua inapokatika Juni. Inakaukia kwenye shina bila kunyeshewa, na kiangazi kinakupa jua la kumalizia.

Anayesubiri hadi Aprili anakutana na tatizo la upande wa pili: mvua inakatika maganda yakiwa bado yanajaa, na punje zinabaki ndogo. Kwa hiyo kipande cha mbegu kipandwe kwanza, kabla ya soya ya kuuza. Kumbuka pia kwamba aina ileile huchelewa kukomaa kadiri unavyopanda mlima, kwa sababu ya baridi. Hesabu siku za kwenu, si za karatasi ya mfuko.

Mbegu ya Juni inakaa miezi mitatu tu kabla ya kupandwa Septemba. Kwa msimu B unaofuata itabidi ikae miezi minane hivi. Hata hivyo, mbegu ya Juni iliyofungwa vizuri ni bora kuliko ya Januari iliyonyeshewa. Katika bonde la Ruzizi mambo ni magumu zaidi: joto kali wakati maganda yanajaa hutoa punje zisizo na nguvu, na joto la stoo linazimaliza. Wakulima wa Sange na Luvungi wanaoweza kuhifadhi mbegu yao kwa ndugu wa milimani hadi wiki ya kupanda wanapata faida kubwa kwa nauli ndogo.

Kipande cha ardhi na mbegu ya kuanzia

Usinunue mbegu ya kuanzia kwenye soko la Kadutu au Mudaka. Ile ni soya ya unga na maziwa, aina nne au tano zimechanganyika kwenye beseni moja, na zinakomaa siku tofauti. Tafuta kwa wazalishaji wanaokaguliwa na SENASEM, idara ya taifa ya mbegu, au uliza agronomu wa eneo lako ni nani amepata mbegu iliyotoka INERA Mulungu, kituo cha utafiti wa kilimo.

Eneo si lazima liwe kubwa. Anayetaka kupanda ari 25 (ari 1 ni mita 10 kwa 10) anahitaji kilo 15 za mbegu. Kwa mavuno ya kilo 10 hadi 15 kwa ari, ari 3 zinatosha hata ukitupa nusu wakati wa kuchagua.

Chagua sehemu iliyokuwa na mahindi au mihogo. Ikiwa msimu uliopita palikuwa na soya, punje zilizodondoka zitaota zenyewe na kuchafua aina yako. Ikiwa palikuwa na maharage, baadhi ya magonjwa yatakuwa yanasubiri kwenye mabaki. Soya hujichavusha yenyewe, kwa hiyo mita 3 kati ya aina mbili zinatosha. Uchafu wa mbegu hautoki kwa nyuki, unatoka kwenye mifuko, mabeseni na shitingi ambazo hazikukung'utwa.

Udongo wa Walungu una asidi na una fosfori kidogo. Hapo soya hutoa punje nyingi nyepesi, na mche unaotoka kwenye punje iliyokosa fosfori unaanza safari ukiwa dhaifu, hata ukihamishiwa shamba zuri. Kalisi ikikosekana, punje nyingi hazioti vizuri. Mwaga chokaa ya shamba kilo 10 hadi 20 kwa ari, wiki kadhaa kabla ya kupanda, na uichanganye na udongo kwa jembe. Ukikosa chokaa, majivu ya jikoni husaidia kidogo. Kisha mbolea ya DAP kilo 1 kwa ari, ndani ya mfereji, ikifunikwa kwa udongo kidogo ili isiguse mbegu. Usiongeze ire (urea, mbolea ya naitrojeni). Naitrojeni nyingi huzuia vinundu vya mizizi kufanya kazi, na majani yanakuwa mengi hadi soya inalala chini. Maganda yaliyogusa udongo hutoa punje zilizooza.

Kama umepata bakteria za soya, zile zinazounda vinundu, kwenye pakiti, kiasi cha kawaida ni gramu 10 kwa kilo 1 ya mbegu. Lowesha mbegu kidogo kwa maji ya sukari ili unga ushike, changanya kivulini, panda siku hiyohiyo, funika mara moja. Jua la nusu saa linaziua. Wiki ya sita ng'oa miche mitatu minne na upasue vinundu kwa ukucha: rangi ya waridi ndani ni kazi inaendelea, kijani au kijivu ni kwamba hakuna kitu.

Panda mistari ya sentimita 50, punje moja kila sentimita 5, kina cha sentimita 3. Hiyo ni punje 4,000 kwa ari, karibu gramu 600 kwa punje za ukubwa wa kawaida. Usizike kwa kina zaidi: soya inasukuma mbegu yake yote juu, na ikikuta udongo ulioganda baada ya mvua kubwa shingo inakatika.

Mche hadi ganda

Palizi mbili, ya kwanza wiki ya pili au ya tatu, ya pili kabla ya maua. Usipalilie majani yakiwa na umande, kwa sababu unabeba magonjwa kwa suruali yako kutoka mmea hadi mmea.

Pita shambani wakati wa maua. Ikiwa aina yako ina maua ya zambarau, ng'oa kila mmea wenye maua meupe, na kinyume chake. Pita tena maganda yanapoanza kukauka, uangalie manyoya: kahawia au kijivu, yote yawe sawa. Mmea wenye majani yaliyokunjamana na madoa ya kijani chepesi una virusi. Utoe mapema, kwa kuwa virusi vingine husafiri ndani ya punje.

Kutu ya soya, ile inayoacha vumbi la kahawia chini ya jani, huangusha majani kabla maganda hayajajaa. Punje zinabaki ndogo na zilizosinyaa. Shamba lililopigwa vibaya na kutu lipelekwe kwenye unga, usilazimishe. Wadudu wa kuogopa kwa mbegu ni kunguni wa kijani wanaonuka: wanachoma ganda likiwa bichi na kunyonya punje, na mahali walipochoma panaingia vijidudu vya kuoza. Kagua mapema asubuhi, wakiwa bado wazito kwa baridi, na uwaokote kwenye ndoo yenye maji ya sabuni.

Wiki mbili zinazoamua

Hapa ndipo mbegu nyingi zinapopotea. Ganda la kwanza likigeuka rangi ya kukomaa, punje zinakaribia uzito wake wa mwisho ingawa bado zina maji mengi, kama nusu ya uzito. Kuanzia siku hiyo tembelea shamba kila siku mbili. Maganda 95 kati ya 100 yakishakuwa ya kahawia, na ukitikisa mmea unasikia punje zinalia ndani, vuna. Kwa kukisia, unyevu uko karibu asilimia 15.

Usingoje hadi jirani amalize maharage yake. Siku kumi za ziada zikikutana na mvua mbili, utaziona punje zenye ngozi iliyokunjamana, nyingine zenye unga mweupe kama chokaa, nyingine zenye doa la zambarau. Zile zenye unga mweupe mara nyingi hazioti kabisa.

Kata mashina chini kwa kisu au mundu, asubuhi umande ukiwa umekauka kidogo lakini maganda hayajaanza kupasuka. Ukiyang'oa, mizizi inaleta mawe na udongo. Kama kipande hakikukomaa sawasawa, vuna kwa awamu mbili. Punje za kijani zisiingie kwenye mbegu.

Kupura bila kuua

Mashina yakae siku mbili au tatu juu ya shitingi, yakifunikwa usiku. Pura maganda yanapofunguka kwa urahisi lakini punje bado ikiwa na asilimia 13 hadi 15 ya unyevu. Ikikauka chini ya 12, inapasuka kwa kila pigo. Njia salama kwa kiasi kidogo ni kufungua maganda kwa mkono. Kwa kingi, jaza mashina kwenye mfuko hadi nusu, ufunge, upige kwa fimbo nyembamba ukigeuzageuza. Rundo nene juu ya shitingi nalo linafaa. Kupiga tabaka jembamba juu ya sakafu ya simenti ni kuvunja viini.

Ufa mwingi hauonekani kwa macho, lakini unapimika. Chukua punje 100 zinazoonekana nzima. Tia vijiko 5 vya chai vya javeli ya kawaida (maji ya kung'arishia nguo nyeupe) katika lita 1 ya maji, zamisha punje kwa dakika 10, umwage maji na uhesabu zilizovimba mara mbili au zaidi. Zikizidi 10, unapiga kwa nguvu mno, au soya imekauka kupita kiasi. Rekebisha kabla ya kuendelea na rundo lililobaki. Punje za jaribio zitupwe.

Kukausha na kufunga

Tandaza unene wa sentimita 3 hadi 5, geuza kila nusu saa, ondoa au weka kivulini saa za jua kali la mchana. Mbegu isipite nyuzi 40. Ukiingiza mkono na ukaona inaunguza, imepita.

Kupima, tumia chupa ya kioo kavu. Jaza mbegu theluthi moja, tia vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, unyevu uko juu ya 15. Siku chumvi inapoacha kushika, pima mizani kilo 20 na uzianike peke yake. Zikifika kilo 18.9, unyevu umeshuka hadi karibu 10, na hicho ndicho kiwango cha kufungia kwenye bidoni (dumu la plastiki). Asilimia 12 inatosha kwa mfuko wa kawaida wa miezi mitatu. Kufungia mbegu ya 14 ndani ya bidoni ni kuioza.

Pepeta, toa zilizopasuka, ndogo na zenye madoa. Bidoni la lita 20, likiwa kavu na lisilonuka mafuta, linabeba kilo 15 hivi. Jaza hadi shingoni ili hewa ibaki kidogo, ziba kifuniko kwa nta ya mshumaa, andika aina na mwezi. Weka juu ya mbao, chumba chenye baridi, mbali na moto. Kila nyuzi 5 za joto zinazopungua huongeza maisha ya mbegu karibu mara mbili. Chumba cha nyuma kinashinda dari ya jikoni.

Kabla ya kupanda

Wiki mbili kabla, panga punje 100 kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya nyumba, mahali penye joto. Hesabu siku ya 5 na ya 8 miche mizima tu. Isiyo na mzizi au iliyovunjika shingo haihesabiwi. Zikifika 80, panda gramu 600 kwa ari. Zikiwa 70, panda gramu 690, yaani 600 mara 80, ugawe kwa 70. Chini ya 60 usijaribu kufidia kwa wingi: hata zinazoota huwa dhaifu, na baridi ya asubuhi ya Kabare inazikata. Peleka kwenye unga wa masoso (mahindi, mtama na soya), ila kama ilipakwa dawa, hapo isiliwe na mtu wala kuku.