Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuandaa Gari Kuukuu kwa Siku ya Kwanza Uwanjani

Anayetaka kuliandaa gari la zamani, la bei nafuu, ili aliendeshe katika uwanja wa mbio za magari kwa mara ya kwanza huanza karibu kila mara kwa kuulizia namna ya kuongeza nguvu za injini. Baada ya miaka kadhaa ya kushughulika na magari ya aina hiyo hapa Dodoma, nina imani moja ambayo ningependa kila anayeanza aizingatie kabla hajatoa shilingi yake: gari la anayeanza linahitaji kwanza kusimama, kupoa na kushika barabara, na injini yake iachwe kama ilivyotoka kiwandani, ilimradi ni nzima. Mambo ninayoyaeleza hapa yamepangwa kwa kufuata imani hiyo.

Siku ya uwanja, kama inavyofanyika katika nchi zenye desturi hiyo, kwa mfano Uingereza au Afrika Kusini ulipo uwanja wa Kyalami, ni siku ambayo madereva wa kawaida hulipa ada na kuingia na magari yao katika uwanja uliofungwa, kwa makundi na kwa zamu ambazo mara nyingi huwa za dakika 15 hadi 20, bila kutafuta mshindi. Kupitana huruhusiwa katika sehemu zilizotajwa tu, na mara nyingi ni mpaka anayepitwa atoe ishara. Nchini kwetu mchezo wa magari umejulikana zaidi kwa rali za barabara za vumbi, na Dodoma haina uwanja wa kudumu wa lami uliojengwa kwa shughuli hii. Kwa sababu hiyo, suala la mahali litangulie suala la gari. Njia za halali ni mbili: kupata eneo lenye uzio, kwa ruhusa ya maandishi ya mwenye eneo na kwa kuwataarifu polisi, ambamo koni hupangwa na mwendo huwa wa wastani, au kuweka akiba na kusafiri hadi penye uwanja. Barabara ya kwenda Singida usiku wa manane haihesabiki, na barabara mpya za pembezoni mwa jiji hazihesabiki pia hata zikionekana tupu, kwa kuwa bado zina bodaboda isiyo na taa, ng'ombe waliopotea na watu wanaorudi majumbani kwa miguu. Ulizia vilevile suala la bima mapema na upate jibu la maandishi, maana hata bima kubwa kwa kawaida huondoa madhara yanayotokea katika mashindano, na mara nyingi huondoa shughuli yoyote ya uwanjani.

Kuhusu uchaguzi wa gari, wepesi na wingi wa spea vina thamani kuliko jina. Toyota Starlet ya miaka ya 1990, Corolla 110, Nissan March na Vitz ya kwanza ni magari mepesi, yanavuta kwa magurudumu ya mbele, na fundi yeyote wa mjini anayajua kwa kuyapapasa tu. Injini zake ni ndogo, na kwa kuwa Dodoma iko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu nyepesi huipunguzia injini isiyo na taabo (turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa) takriban asilimia 10 ya nguvu ikilinganishwa na ilizokuwa nazo Dar es Salaam. Jambo hilo lisimsumbue anayeanza, kwani gari la polepole humpa dereva nafasi ya kuhisi kosa lake kabla halijawa ajali. Ningeshauri gari la gia za mkono, kwa sababu mafuta ya gia boksi ya otomatiki hupata joto haraka katika mwendo wa kukanyaga na kuachia. Fedha ya kununulia gari, kwa maoni yangu, isizidi nusu ya fedha yote uliyonayo. Nusu iliyobaki itapata kazi.

Unapokagua gari, anza chini. Kutu kwenye sehemu zinazoshikilia mikono ya magurudumu na viti vya shokapu ni sababu tosha ya kuliacha, wakati rangi iliyopauka, redio mbovu na kiyoyozi kisichofanya kazi visikuondolee usingizi. Starlet na Corolla nilizotaja zinatumia taimingi belti, yaani mkanda unaoendesha vali za injini kwa mpangilio, ambayo kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwa kuwa odomita ya gari lililopita mikono mingi haiwezi kuaminika, ibadilishe mara tu gari linapokuwa lako, pamoja na wota pampu.

Sasa nije kwenye breki, ambazo naziandikia kwa urefu kwa sababu ndizo zilizonitisha. Nilikuwa nikiteremka mlima Sekenke kuelekea Shelui na Corolla iliyokuwa na pedi mpya na diski nzuri, nikishikilia breki badala ya kutumia gia, na karibu na mwisho wa mteremko pedali ilizama hadi karibu na sakafu. Pedi hazikuwa na tatizo lolote. Mafuta ya breki yalikuwa ya zamani, yamenyonya unyevu kwa miaka, na yalipopata joto yakachemka. Mvuke hubanwa kwa urahisi tofauti na mafuta, na hivyo mguu wangu ulikuwa unabana mvuke. Uwanjani hali hiyo hufika baada ya mizunguko michache tu. Nishati ambayo breki hugeuza kuwa joto huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, kwa maana kwamba kusimama kutoka kilomita 120 kwa saa hutoa joto mara nne ya kusimama kutoka 60. Gari la kilo 1,000 likisimama mara moja kutoka mwendo huo wa 120 hutoa joto linaloweza kuchemsha zaidi ya lita moja na nusu ya maji ya bomba, na kwenye uwanja tendo hilo hurudiwa kila baada ya sekunde chache.

Kwa hiyo toa mafuta yote ya zamani katika mfumo, gurudumu kwa gurudumu, mpaka yatoke safi bila mapovu, na uweke mapya ya DOT 4 (DOT na namba yake huonyesha daraja la mafuta ya breki) kutoka kwenye chupa ambayo haijafunguliwa. Viwango vya chini vinavyotakiwa vinaeleza sababu: DOT 3 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Sentigredi lakini ikishanyonya unyevu hushuka hadi 140, ilhali DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155, na DOT 5.1 huanzia 260 na kushuka hadi 180. DOT 5 yenyewe ni ya silikoni na haichanganywi na hizo nyingine. Pedi ziwe za mtengenezaji anayefahamika na ziwe na unene wa zaidi ya nusu ya ule wa upya. Pedi nyembamba hupitisha joto haraka kwenda kwenye pistoni na mafuta. Mipira ya breki yenye nyufa ibadilishwe bila mjadala, na caliper, vishikio vinavyobana pedi kwenye diski, zikaguliwe kama pini zake zinateleza, kwa kuwa upande mmoja ukikwama gari litavuta kushoto au kulia wakati ambao hutaki kabisa livute. Breki za ngoma za nyuma zisafishwe vumbi na kurekebishwa. Kazi hizi zote zikikamilika, gari litakuwa limepata uboreshaji mkubwa kuliko ule ambao ekzosi ya kelele ingeweza kuleta.

Upozaji wa injini unafuata, na hapa mazingira yetu yana neno lake. Maji mengi ya Dodoma hutoka visimani na yana chumvi; birika lolote la nyumbani litakuonyesha ukoko mweupe yanaouacha. Ukoko huohuo hujijenga ndani ya rejeta ya gari ambalo wamiliki wake waliliongezea maji ya bomba kwa miaka kumi, na ingawa gari hilo litakupeleka Majengo sokoni bila shida, litachemsha likiombwa nguvu zote kwa dakika kumi mfululizo. Rejeta isafishwe au ibadilishwe, kisha ijazwe kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa kama yale ya betri. Kifuniko cha rejeta, ambacho wengi hawakijali, kina kazi kubwa zaidi huku nyanda za juu: maji yaliyo wazi Dodoma huchemka kwenye takriban nyuzi 96, lakini kifuniko kizima chenye kushikilia mgandamizo wa bar 0.9 huyazuia yasichemke mpaka yapite nyuzi 115. Kifuniko chenye mpira uliokufa kinakunyima nyuzi hizo zote.

Kuna desturi ya gereji ambayo lazima niipinge hapa, nayo ni ya kung'oa thamostati, vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikishapata joto, ili gari lisichemshe. Gari langu la kwanza nililinunua likiwa limekwisha kufanyiwa hivyo. Injini isiyo na thamostati hukaa baridi kupita kiasi safarini, hula mafuta, huchakaa mapema, na tatizo halisi la rejeta iliyoziba hubaki limefichwa hadi siku ya joto. Rudisha thamostati ya aina ileile ya kiwandani, hakikisha feni inawaka yenyewe, badilisha mipira iliyolegea, kisha ujiridhishe kwa kuliacha gari lingurume likiwa limesimama saa nane mchana kwa dakika 20 huku ukitazama mshale wa joto.

Oili ibadilishwe kabla ya siku yenyewe na ijazwe hadi alama ya juu ya kijiti, wala isipite. Katika kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja wa sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na injini yenye oili pungufu inaweza kuvuta hewa kwa sekunde mbili zinazotosha kuharibu beringi. Sababu ya namna hiyohiyo inakutaka usiingie uwanjani na petroli ya robo tangi. Filta ya hewa iwe mpya, na asikushawishi mtu uiondoe ili injini ipumue, kwani vumbi la Dodoma lenye mchanga hula silinda.

Matairi ndiyo yanayoigusa ardhi, na eneo linalogusa kwa kila tairi halizidi sana kiganja cha mtu mzima. Soma tarakimu nne zilizo ubavuni: 2319, kwa mfano, maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri lakini lenye umri mkubwa na mipasuko ubavuni, ambalo jua letu limeligeuza kuwa gumu kama gome, halifai, na ningependelea matairi mapya ya kawaida ya saizi ya kiwandani kuliko ya michezo yaliyochoka. Anza na upepo ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango, pima tena mara tu unapotoka kwenye zamu ya kwanza kwa kuwa joto huuongeza, na upunguze kidogo ukiona umepanda sana. Nati za magurudumu zikazwe kwa spana yenye kipimo, ambacho kwa magari mengi madogo ya Toyota ni Nm 103 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), na zikaguliwe tena baada ya zamu ya kwanza.

Kuhusu shokapu, bushi, boljointi na tairodi sina mengi: zisiwe zimelegea, zisivuje, na alaimenti ipimwe. Usikate springi ili gari likae chini.

Ndani ya gari, ondoa kila kisichofungwa: mazulia, jeki, chupa za maji, hata kalamu, kwa kuwa chupa moja inayobingirika chini ya pedali ya breki inaweza kubatilisha kazi yote niliyoieleza. Kiti kisiwe na mchezo kwenye reli zake, na mkanda wa kiwandani uwe unajifunga ukivutwa kwa ghafla. Mikanda ya mashindano isifungwe kwenye kiti cha kawaida, wala vyuma vya kuzuia gari lisibondeke visiwekwe na mchomeleaji asiyevijua. Vyuma hivyo katika gari ambalo bado linaendeshwa mjini bila helmeti vinaweza kumuumiza dereva kichwani katika ajali ndogo. Helmeti yenyewe si ile ya bodaboda. Zipo zinazotengenezwa kwa ajili ya magari, kwa mfano zenye alama ya Snell SA, ambazo hupimwa pia kwa moto, tofauti na za pikipiki zenye alama ya M. Mtungi wa kuzimia moto ufungwe kwa skrubu mahali ambapo mkono wa dereva unafika akiwa na mkanda, na mshale wake uwe kwenye kijani.

Siku yenyewe, fika mapema kabla ya jua kali na usikilize maelezo ya bendera za kuwapa madereva ishara hadi uweze kuyarudia bila kusaidiwa. Zamu ya kwanza iwe ya kujifunza njia, na mzunguko wa mwisho wa kila zamu uwe wa polepole bila kukanyaga breki, ili upepo upoze diski na injini. Ukisimama, usivute breki ya mkono wakati breki zina moto; weka gia na jiwe nyuma ya gurudumu, kisha acha boneti wazi. Ukiona pedali imekuwa laini, mshale wa joto umepanda au umesikia harufu usiyoijua, siku yako imeishia hapo hata kama umelipia zamu tatu zaidi.

Wengi wetu hurudi nyumbani na gari lilelile. Kabla ya kuondoka, rudisha upepo wa matairi katika kipimo cha barabarani, kaza nati, tazama unene wa pedi kupitia matundu ya rimu, pima oili, angalia kiwango cha mafuta ya breki, na urudishe jeki na tairi la akiba kwenye buti. Kilomita kumi za mwanzo ziendeshe taratibu, ukijaribu breki kabla ya kuingia kwenye magari mengine.