Kurudisha turbo: anza kila nati kwa vidole

Unapofunga turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini kwa nguvu ya moshi wake, usikaze nati za upande wa manifoldi ya eksozi (bomba linalokusanya moshi wa injini) kabla bolti za paipu ya chini, ile inayorudisha oili kwenye injini, hazijashika nyuzi zake. Zianzishe zote kwa vidole turbo ikiwa bado inacheza, ndipo ukaze kidogo kidogo kwa zamu. Turbo ikishabanwa haisogei tena, na matundu yakipishana hata milimita 1 bolti huingia upande na kuharibu nyuzi, tena mahali usipopaona. Gasketi, kile kipande chembamba cha kuzuia uvujaji kwenye maungio, ikiteleza, ishikize kwa grisi kidogo tu. Silikoni ya kuzibia hapana: ikimeguka huweza kuziba njia ya oili, na turbo mpya ikafa mapema.

Nati zenye kutu hazitakubali vidole. Safisha nyuzi kwanza au weka mpya. Na kuna injini ambazo mkono haufiki kabisa chini turbo ikishakaa. Hapo funga paipu kwenye turbo ukiwa bado mezani, uvishushe pamoja, mradi ncha ya chini inaunganishwa kwa mpira na klipu.