Kunyoosha boneti ya alumini bila kuitoboa

Kabla hujashika nyundo, tafuta sumaku. Ifunge kwa kitambaa isikwaruze rangi, uipitishe juu ya boneti. Ikinasa, hilo ni bati la chuma na kazi yake unaijua. Isiponasa, gonga kwa kidole: faiba hutoa sauti ya plastiki, alumini hulia kama sufuria.

Mwezi uliopita mzee mmoja aliniletea hapa Nakuru Alfa Romeo Giulia, ile ya milango miwili ya miaka ya 60. Jiwe la barabara ya vumbi kule upande wa Elementaita lilikuwa limeacha mbonyeo wa upana wa kisahani.

"Fundi, hii si kazi ya saa moja?"

"Mzee, hii si bati. Niachie siku tatu."

Mwenye gari ameifungia boneti na milango ya alumini kwa mfano wa GTA, toleo jepesi la Giulia hiyohiyo. Hiyo GTA ilitoka kiwandani mwaka 1965 kwa ajili ya mashindano: waliivua mabati ya nje wakaivisha alumini, wakaipa kila silinda plagi mbili, na uzito ukashuka kutoka kama kilo 950 hadi 745. Herufi A ni ya neno la Kiitaliano alleggerita, yaani iliyopunguzwa uzito. Sasa ukimwaga filla, ile ya kujazia mabonde kabla ya rangi, juu ya kazi kama hiyo, unairudishia gari mzigo ambao watu walihangaika kuutoa. Mimi sikubali zaidi ya filla nyembamba ya kuziba alama za nyundo.

Toa boneti kwenye gari, uiweke mbali na tangi la petroli. Rangi itoe kwa dawa ya kutolea rangi na kipande cha plastiki. Grainda usiiguse, maana inakula alumini upesi kuliko unavyodhani. Nyundo na brashi ulizotumia kwenye chuma pia ziweke kando: chembe za chuma zikijichimbia ndani ya alumini, baadaye rangi inavimba mahali hapo.

Halafu moto, na hapa ndipo boneti nyingi hufia. Chuma hukuonya, kinakuwa chekundu. Alumini haikuonyi. Inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, nyingine chini ya hapo, na mpaka inaanguka bado ina rangi ileile ya fedha. Nikiwa kijana nilingoja wekundu kwenye kona ya boneti ya mteja, kona ikadondoka miguuni pangu. Niliilipa kwa mshahara wa miezi miwili.

Dawa yake nilifundishwa na mjomba wangu, aliyekuwa akipiga sufuria Kibuye, Kisumu. Chukua sabuni ya kipande ya kufulia, usugue nayo mahali palipobonyea pamoja na upana wa vidole vinne kupazunguka, kwa upande wa juu. Moto upitishe kwa chini, ndimi laini, mkono usisimame hata kidogo. Itazame sabuni tu. Itakauka, itakuwa ya manjano, kisha kahawia kama chai ya rangi. Ikifika kahawia iliyokolea, ondoa moto papo hapo. Iache ipoe yenyewe. Ukiishika sasa utaona imelegea, inakubali kidole gumba.

Ilaze juu ya mfuko wa ngozi wenye mchanga, uso wa nje ukiangalia chini, ugonge kutoka ndani kwa nyundo ya mbao ngumu. Usianze katikati. Anza ukingoni mwa mbonyeo, zunguka, uingie ndani polepole kama mtu anayesuka ungo. Ukipiga katikati kwa nguvu alumini inatanuka, na ikitanuka boneti itapwaya: ukiibonyeza inalia "kap", ukiiachia inalia tena. Kurudisha hiyo ni kazi kubwa kuliko mbonyeo wenyewe.

Sikiliza nyundo. Mwanzoni inasema "duf, duf". Baada ya mapigo mengi itaanza kusema "ting", maana yake alumini imekuwa ngumu tena. Acha. Sabuni, moto, upya. Ya yule mzee niliichoma mara tatu. Ukiendelea kupiga ile ya "ting", itapasuka.

Mwishoni pitisha kiganja ukiwa umevaa glavu ya pamba. Mkono unaona kisichoonwa na jicho. Msasa laini, praima inayokubali alumini, rangi.

Unapoirudisha, usiruhusu alumini iguse chuma kitupu. Maji ya mvua yakiingia katikati, alumini ndiyo inayoliwa, inatoa unga mweupe. Weka vipande vya mpira mwembamba kwenye bawaba, upake rangi hata ndani ya matundu ya bolti. Bolti zenyewe zikaze kwa mkono kwanza, shusha boneti taratibu, angalia nafasi za pembeni zote mbili, ndipo uchukue spana.