Namna ya kuunda modeli ya viumbe wa mto wa msimu

Anayetaka kuunda modeli, yaani mfano wa kihesabu, ya mtandao wa chakula (nani anamla nani) katika mto wa msimu, kama Kinyasungwe na makorongo yanayouingia hapa Dodoma, aanze na maji kabla ya viumbe. Mvua zetu hunyesha kati ya Desemba na Aprili, kisha mto hukatika kuwa madimbwi, na modeli inayochukulia kwamba eneo la maji halibadiliki itaeleza mto mwingine kabisa.

Fungua jedwali la kompyuta, kila mstari uwe siku moja. Safu ya kwanza ni eneo la maji; zinazofuata ni uzito wa mwani, wa mabuu wa wadudu wanaoula mwani, na wa samaki wanaowala mabuu hao, kama kambale. Andika uzito wa jumla wa kipande chote cha mto, kwa sababu dimbwi linaposinyaa viumbe husongamana, na wastani wa kila mita ya mraba hupanda hata kama hakuna aliyezaliwa.

Ukuaji wa mwani hufuata kanuni ya mwanahisabati Verhulst ya mwaka 1838: kasi ya ukuaji, mara uzito uliopo, mara sehemu ya nafasi iliyobaki, yaani moja kutoa uzito uliopo uliogawanywa kwa uzito wa juu ambao eneo la maji linaweza kubeba. Kinacholiwa ni kasi ya ulaji mara uzito wa mwani mara uzito wa mabuu, kama walivyofanya Lotka na Volterra, wanahisabati walioandika kanuni za mlaji na mliwaji, ila hapa gawanya kwa eneo la maji.

Tuchukue tarakimu za mfano tu: mwani gramu 1,000, mabuu gramu 200, eneo mita za mraba 100 zenye uwezo wa kubeba mwani gramu 20 kila moja, ukuaji 0.3, ulaji 0.02. Mwani utaongezeka gramu 150 na kuliwa 40, hivyo kesho utakuwa 1,110. Lakini kama kwa mwani uleule wa gramu 1,000 eneo lingekuwa 50 tu, ukuaji ni sifuri na ulaji ni 80. Mwani unabaki 920. Mlaji hunenepa kwanza, njaa humfuata baadaye.

Mabuu hupata sehemu ndogo ya walichokula, tuseme 0.2, ukitoa vifo na walioliwa na samaki. Siku ya mafuriko, punguza sehemu ya kila kundi iliyosombwa. Maji yakikauka, simamisha hesabu, kisha mvua ikirudi anza na uzito mdogo wa viumbe wanaohamia upya.

Mwisho, rudia hesabu kwa hatua za nusu siku: matokeo yakibadilika sana, hatua yako ni ndefu mno.