Mtihani wa mwajiri usiyemjua uendeshe ndani ya mashine pepe

Vijana wanaofanya kazi za mtandaoni huniuliza sana hapa Luthuli Avenue: "Fundi, huyu mwajiri amenitumia mradi nirekebishe kama mtihani. Niufungue tu?" Fungua, lakini si kwenye laptopu yenye nywila zako zote. Waajiri bandia wanaowatega watengeneza programu kwa mitihani ya aina hii wapo, na mtego huwa mahali usipotazama. Kwa mradi wa JavaScript, chungulia package.json, faili inayoorodhesha vifurushi na amri za mradi, utafute mstari wa "postinstall". Amri iliyoandikwa hapo hujiendesha yenyewe pale tu unapopiga npm install, amri ya kushusha vifurushi vya mradi, kabla hujasoma chochote.

Ndiyo maana nawasimamishia Debian (mfumo endeshi wa Linux) ndani ya VirtualBox, programu inayounda mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako. Programu zote mbili ni za bure. Laptopu ya RAM 8GB inatosha: ipe mashine pepe 2GB, viini viwili na diski ya 20GB inayokua kadiri inavyotumika. Ikikataa kuwaka, huenda uwezo wa prosesa kuendesha mashine pepe umezimwa kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya laptopu), jambo la kawaida kwa hizi laptopu za mitumba za ex-UK. HP nyingi hufungua BIOS kwa F10, Dell kwa F2, ThinkPad kwa F1. Tafuta VT-x kama ni Intel, SVM kama ni AMD, uwashe. Ukiona kobe wa kijani chini ya dirisha la VirtualBox, Windows imeshika uwezo huo kwanza kwa ajili ya Hyper-V. Mashine itajikokota, lakini kwa kazi hii inavumilika.

Kwa kulinda bando, shusha ile ISO (faili ya kusakinishia) ndogo ya netinst kutoka tovuti ya Debian yenyewe, kisha uihakiki kwenye Command Prompt ya Windows:

certutil -hashfile debian.iso SHA256

Badala ya debian.iso weka jina la faili yako. Mfuatano unaotoka ulingane herufi kwa herufi na ule wa faili ya SHA256SUMS ya Debian. Usipolingana, futa ushushe upya.

Usakinishaji wenyewe hauna makuu. Kama mwonekano wa dawati chagua Xfce kwa sababu ni nyepesi, na nywila ya root (msimamizi mkuu) iache tupu ili mtumiaji wako apewe sudo, ruhusa ya kuendesha amri za msimamizi. Mtumiaji huyo usimpe jina lako halisi; mimi huandika "mgeni". Ukishaingia, fungua terminal uandike:

sudo apt update
sudo apt install nodejs npm strace

Zima mashine sasa, uende kwenye mipangilio yake ufunge milango. Wengi huruka hatua hii, ilhali usalama wote uko hapa. Folda za pamoja: usiweke hata moja. Ubao wa kunakili wa pamoja: zima, la sivyo nywila uliyonakili kwenye Windows inaweza kusomwa na programu iliyo ndani. Kuburuta faili: zima pia. Kiendeshi cha floppy, kama kipo, kiondoe. Mwaka 2015 dosari iliyoitwa VENOM ilipatikana kwenye msimbo unaoiga kifaa hicho, na VirtualBox iliguswa. Ukuta wa mashine pepe hutoboka mara chache, ila hutoboka, kwa hiyo VirtualBox yenyewe isasishe kila toleo jipya likitoka.

Halafu piga snapshoti, nakala ya hali ya mashine unayoweza kuirudia, uiite "safi". Ipige mashine ikiwa imezimwa, maana ni nyepesi na haibebi kilichokuwa kwenye RAM.

Mtandao unataka akili kidogo. Hali ya NAT, ambapo mashine pepe hupitia mtandao wa laptopu yako, inazuia watu wa nje kuingia, lakini haimzuii aliye ndani kugonga ruta na vifaa vingine vya nyumbani. Kama unakaa ploti za mtaa wa Pipeline, Nairobi, ambako ghorofa nzima inachangia Wi-Fi moja, tumia hotspoti ya simu yako. Fungua brauza ya ndani ya mashine pepe, shusha mradi bila kuingia kwenye akaunti yako yoyote, kisha:

npm install --ignore-scripts

Vifurushi vinashuka, amri za kujiendesha zinabaki zimelala. Sasa chomoa mtandao: menyu ya Devices, Network, ondoa alama kwenye Connect Network Adapter.

Kabla ya kuendesha, weka chambo. Ndani ya mashine pepe, kwenye folda ya nyumbani ya mtumiaji wako, tengeneza folda ya .ssh yenye faili id_rsa (jina la kawaida la ufunguo wa siri wa kuingilia seva), uijaze maneno ya ovyo. Ndipo uendeshe kwa strace, inayoandika faili zinazofunguliwa na miunganisho ya mtandao inayojaribiwa:

strace -f -e trace=%network,openat -o alama.txt node index.js
grep -E "id_rsa|connect" alama.txt

Badala ya index.js weka faili inayoanzisha mradi wako. Neno connect, yaani jaribio la kuunganisha mtandao, peke yake si kosa. Programu nyingi halali huita mtandao, kwa hiyo soma anwani inakoelekea. Lakini mradi wa kurekebisha fomu ya tovuti ukionekana unafungua id_rsa, usitafute maelezo. Mwajiri huyo mzuie. Na ukimya nao usikudanganye: programu nyingine hungoja mtandao au siku fulani ndipo zionyeshe makucha, kwa hiyo mradi usihamie Windows hata kama alama.txt haina kitu.

Ukimaliza zima mashine, rudisha snapshoti ya "safi". Jibu la mtihani, kama unaamua kulituma, lichape upya kwa mkono kwenye laptopu yako. Mara nyingi ni mistari michache tu uliyobadilisha.