Bakapu yenye enkripsheni: ubane data kiasi gani, na kwa setingi ipi

Watu wengi wakishaweka enkripsheni kwenye bakapu wanafika sehemu ya kubana data, wanakuta namba za 1 mpaka 9 au mpaka 22 (viwango vya kubana) na majina kama lz4, zstd, lzma (njia za kubana), basi wanachagua namba ya juu kabisa wakiamini kubwa ndo bora, alafu bakapu inakesha usiku mzima haiishi, mwisho wanaizima. Na bakapu iliyozimwa haina msaada siku diski ikifa, ndo maana naona hii setingi inastahili dakika zako chache.

Kwanza mpangilio: data inabanwa kwanza, alafu ndo inasimbwa (yaani inawekewa enkripsheni). Kubana kazi yake ni kutafuta vitu vinavyojirudia na kuviandika kwa kifupi, wakati enkripsheni nzuri inafuta kila dalili ya kujirudia, kinachotoka kinaonekana kama baiti zilizomwagwa ovyo. Ukisimba kwanza ukaja kubana baadae hupati kitu, faili inaweza hata kuongezeka kidogo. Borg na Restic, ambazo ni programu za bakapu, pamoja na 7-Zip ya kubana faili zinafuata mpangilio huu zenyewe. Kama unajiungia komandi mwenyewe iwe hivi:

tar cf - folda | zstd -3 -T0 | gpg -c -z 0 -o bakapu.tar.zst.gpg

Hiyo -z 0 inaiambia gpg, programu inayosimba hapo, isibane tena, mana yenyewe ina kawaida ya kubana na hapo zstd ishamaliza hiyo kazi. Kwa sababu hiyo hiyo, kama una kontena la VeraCrypt (faili moja lililosimbwa lenye faili nyingine ndani) usilibebe likiwa limefungwa ukategemea litapungua, halitapungua. Lifungue uchukue faili za ndani, bakapu itazisimba upya.

Sasa angalia una data gani, hapa ndo penye uamuzi wenyewe. Picha za JPEG, video za MP4, nyimbo za MP3, faili za zip, hata docx na xlsx (hizo kwa ndani ni zip) tayari zimebanwa, ukiweka lzma ya juu kabisa utapata asilimia chache au sifuri na prosesa itachemka bure. Ila maandishi, logi, kodi za programu, faili za CSV, dampo la databesi (nakala ya databesi iliyotolewa kama faili), diski za mashine pepe, hizi zinabanika vizuri sana, logi ndo usiseme. Kwa hiyo mwenye picha na video tupu na mwenye seva ya databesi hawawezi kutumia ushauri mmoja.

Kwenye majina, lz4 ni ya haraka sana ila inabana kidogo, ndo chaguo la kawaida la Borg. zstd, iliyotolewa 2016 na Yann Collet, mtu yule yule aliyetengeneza lz4, ndo naipendekeza kwa karibu kila mtu, mana kiwango chake cha 3 kinabana vizuri bila kuchelewesha, na kizuri zaidi ni kwamba hata ukipanda viwango, kufungua data kunabaki kwa kasi ile ile karibu, gharama unailipa wakati wa kubana tu. lzma inabana sana lakini ni nzito pande zote mbili, na kufungua ndo siku ile umepoteza kila kitu unataka faili zako haraka. Mimi lzma ningeiacha kwa kumbukumbu za kuhifadhi miaka ambazo huzigusi. Viwango vya zstd kuanzia 20 kwenda 22 vinakula ramu nyingi, kwenye kompyuta ndogo usijaribu.

Kwenye Borg andika --compression auto,zstd,3. Hilo neno auto linafanya ijaribu kila kipande kwa lz4 kwanza, isipobanika haihangaiki nayo, kwa hiyo picha zinapita haraka na logi zinabanwa kweli. Kwenye Restic kubana kulikuja na toleo la 0.14 mwaka 2022, unachagua --compression auto, off au max, na auto inatosha. Programu nyingine ya bakapu iitwayo Kopia yenyewe usipoiambia haibani, lazima uweke kwenye sera yake (policy).

Jinsi ya kuamua upande au ushuke: jiulize nini kinachelewesha. Kama unapakia kwa intaneti ya polepole, prosesa inakaa inasubiri laini, basi panda mpaka zstd 6 au 9, kila megabaiti uliyoipunguza ni muda umeokoa. Kama unaandika kwenye diski ya haraka iliyochomekwa hapo hapo, shuka kwenye zstd 1 au lz4. Na usikisie, chukua faili moja kubwa inayofanana na data zako kweli uendeshe zstd -b1 -e12 jinalafaili, itakuonyesha kila kiwango kimebana kiasi gani na kwa kasi gani, utaona mwenyewe pale faida inapoanza kuwa ndogo na kasi inaporomoka. Simama hapo.

Kosa moja linaumiza sana na watu hawalioni: kubana dampo la databesi kwa gzip (programu nyingine ya kubana) kabla ya kulipeleka Borg au Restic. Hizi programu zinakata data vipande na kuhifadhi kila kipande mara moja tu, ila ukibana kabla, badiliko dogo mwanzoni mwa faili linabadilisha baiti zote zinazofuata, basi kila siku inaonekana faili mpya kabisa na hifadhi inajaa. Peleka dampo likiwa wazi, iachie programu ibane. Ukilazimika sana tumia gzip --rsyncable, inayopunguza tatizo hilo.

Kuna na suala la usalama. Ukubwa wa kitu kilichobanwa unaweza kuvujisha habari za kilichomo, shambulio la CRIME la 2012 dhidi ya TLS (enkripsheni ya mawasiliano ya tovuti) lilitumia njia hiyo. Lakini lilihitaji mshambuliaji apenyeze maneno yake kwenye data na kuangalia ukubwa mara nyingi, kwa faili zako binafsi hali hiyo ni nadra. Kama bakapu yako inabeba vitu vinavyoandikwa na watu wa nje pamoja na siri zako, na humwamini mwenye hifadhi, Borg kuanzia 1.2 ina setingi ya obfuscate ya kuongeza ukubwa wa uongo, au zima kubana kwa hilo folda.

Ukibadilisha setingi leo, data za zamani zinabaki zilivyo, mpya tu ndo zinafuata. Borg ina recreate --recompress, na Restic kwa hifadhi ya zamani unaanza na migrate upgrade_repo_v2 alafu prune --repack-uncompressed. Zote mbili zinasoma na kuandika upya data nyingi, kwa hiyo zipangie muda ambao huhitaji kompyuta. Ukimaliza rudisha folda moja kubwa sehemu nyingine uangalie linafunguka na linachukua muda gani.