Uso wa mtu wa kubuni: ninavyouchora

Mimi huanzia soko la Mbuyuni, hapa Moshi, kabla sijagusa karatasi. Nakaa karibu na akina mama wauza ndizi, naangalia shingo na jinsi wanavyokaza midomo wakipatana bei. Bibi ninayemchora sasa ni wa kubuni, lakini kidevu chake nilikiona pale.

Tumia penseli ya 2B, yaani laini kiasi, mkono mwepesi. Macho yakae katikati, kati ya utosi na kidevu. Nilikuwa nayapandisha mno, na kila sura ilikosa paji la uso.

Kwenye rangi za maji ndipo penye kazi. Kwa ngozi nyeusi, rangi nyeusi ya chupa iache, inaua uso. Changanya kahawia nyekundu na buluu iliyokolea: buluu izidi kwenye vivuli, kahawia izidi mashavuni. Juu ya pua acha karatasi tupu kidogo, mwanga upite. Tabaka la kwanza likauke kabisa, na wakati wa masika huchelewa, vumilia.

Bibi huyu nimemrudia mara sita. Mara ya nne nilishusha nyusi moja tu, akawa mtu mwenye siri.